Kiti cha Farasi wa Busia

Kaa nusu siku katika kibanda cha fundi wa baiskeli, upande wowote wa mpaka wa Busia kati ya Kenya na Uganda, utasikia swali moja likiulizwa kwa sauti nyingi. Mwanafunzi analiuliza, mwalimu mstaafu analiuliza, kijana wa boda analiuliza: "Fundi, kiti gani hakiumizi?" Kabla fundi hajafungua kinywa, mteja ameshanyoosha mkono kwenye viti vilivyotundikwa na anabonyeza kimoja kimoja kwa kidole gumba. Kinachobonyea zaidi ndicho anachoondoka nacho. Wiki mbili baadaye amerudi. Mapaja yamechubuka, katikati pamekufa ganzi, na sasa anataka kilicho laini kuliko kile.

Sura hii inalijibu swali hilo, na jibu linaanza kwa kukirudisha kile kidole gumba mfukoni. Mtu haketi kwa kidole, anaketi kwa mifupa. Kiti chema huibeba mifupa hiyo pale inapokubali kubebwa, na hukaa mbali na mahali pasipotaka kuguswa. Wanaolijua jambo hili kuliko wote ni watandikaji wa farasi, watu ambao Busia na Tororo hazijapata kuwa nao. Kwa hiyo tutapita kwanza mgongoni mwa farasi, kisha turudi barabarani.

Kwa nini hapa hatupandi farasi

Mtoto aliyekulia kati ya Tororo na Busia anaweza kufika utu uzima akiwa amemwona farasi pichani tu. Kizuizi kikubwa ni mdudu mdogo: mbung'o. Nzi huyu hunyonya damu, na akinyonya huacha vijidudu viitwavyo tripanosoma. Kwa binadamu vijidudu hivi huleta malale. Kwa mifugo huleta nagana, ugonjwa wa homa, kukonda na kuishiwa damu. Ng'ombe wa kienyeji anaweza kuishi na nagana muda mrefu huku akidhoofika. Farasi asipotibiwa mapema, kwa kawaida hufa.

Vichaka vya kandokando ya mito ya eneo hili na ufuo wa Ziwa Victoria vimekuwa maskani ya mbung'o kwa vizazi. Malale yaliyozuka kuzunguka ziwa hilo mwanzoni mwa karne ya 20 yaliua watu wengi mno, hasa Busoga. Baadaye, wakati wa ukoloni, nchi za Afrika Mashariki ziliweka kituo chao cha pamoja cha utafiti wa magonjwa haya papa hapa Tororo, upande wa Sukulu, kikijulikana kwa kifupi kama EATRO. Wataalamu walikuja kuishi karibu na adui. Farasi walibaki kule kwenye baridi, Nanyuki, Gilgil na Ngong, ambako mpaka leo wapo wa mbio na wa kupandwa.

Nafasi ya farasi ikachukuliwa na baiskeli. Miaka ya 1960, msafiri aliyeshushwa na basi Busia alikuta kati ya lango la nchi moja na lango la nchi nyingine pana zaidi ya nusu maili, na gari halivuki bila makaratasi. Vijana wenye baiskeli wakaanza kuita, "Boda! Boda!" yaani wanakupeleka kutoka mpaka hadi mpaka. Kwenye mpaka wa Malaba nako wakaanza. Jina likashika, likasafiri hadi Kampala, Kisumu na Dar es Salaam, na leo wengi wanaolitamka hawajui kwamba asili yake ni kipande kifupi cha barabara chenye vumbi. Miaka ya 1970, enzi za magendo, baiskeli hizohizo zilipita njia za panya na magunia ya kahawa mgongoni. Pikipiki zilikuja baadaye, na zilizidi kwa wingi upande wa Kenya baada ya serikali kuziondolea kodi zile ndogo mwaka 2008. Pikipiki imechukua safari ndefu. Baiskeli nyeusi ya chuma, ile Wakenya waliyoibandika jina la Black Mamba, bado inapeleka mahindi kinuni, mtoto shuleni na maji nyumbani, na anayeikalia saa nane kwa siku anastahili kiti kilichochaguliwa kwa akili.

Mgongo hausemi, lakini unaonyesha

Matandiko ya farasi ni vitu vingi: hatamu za kumwongoza, lijamu ya mdomoni, vikuku vya kukanyagia, mkanda unaopita chini ya tumbo, na kiti chenyewe, ambacho wazee wa pwani walikiita pia seruji. Kwa macho, kiti hicho ni ngozi iliyoshonwa vizuri. Siri yake imo ndani. Chini ya ngozi kuna kiunzi kigumu, cha mbao au vifaa vingine imara, kinachoupokea uzito wa mpandaji na kuusambaza pande mbili za mgongo, juu ya misuli minene iliyofunika mbavu. Katikati, kutoka mbele hadi nyuma, kumeachwa mfereji mpana kama vidole vitatu au vinne. Juu ya uti wa mgongo hakuna kinachogusa.

Tazama basi mtandikaji mzuri anavyofanya kazi. Hukiweka kiti kitupu, bila kitambaa chini, mbele kidogo ya mahali pake, kisha hukitelezesha nyuma kufuata ulalo wa manyoya mpaka kitulie chenyewe nyuma ya mfupa wa bega. Huangalia kama vidole viwili au vitatu vinapita kati ya kiti na nundu ya mabega. Huangalia kama bega linaweza kwenda mbele na kurudi bila kugonga kiti, na kama kiti hakijapita ubavu wa mwisho. Husimama pembeni kuona kama kimelala sawa au kimeinamia upande mmoja. Ulaini haujaguswa bado, maana ulaini si swali lake la kwanza wala la pili.

Kazi ikiisha, huvua kiti na kuusoma mgongo. Farasi aliyetoka jasho anapaswa kulowa sawasawa chini ya kiti. Kukiwa na kiraka kikavu katikati ya jasho, hapo kiti kilikandamiza hata jasho halikutoka. Akipuuza, baada ya muda manyoya meupe yataota mahali palepale, alama ya jeraha la ndani ambayo mara nyingi haifutiki tena. Mnyama hawezi kusema. Mgongo wake unamsemea, na mwenye huruma hujifunza kuusoma.

Mnamo 1882 mtu mmoja wa Birmingham, Uingereza, John Boultbee Brooks, alisajili hataza ya kiti cha baiskeli. Hataza ni haki ya mvumbuzi ya kulindwa kisheria asiibiwe wazo lake. Brooks hakutoka kwenye vyuma. Kampuni yake, aliyoianzisha mwaka 1866, ilishona matandiko ya farasi. Inasimuliwa kwamba farasi wake alikufa, akaazima baiskeli ya kwendea kazini, na kiti chake kikamtesa mpaka akaapa kutengeneza kilicho bora. Kiti alichokitoa kilikuwa ngozi iliyovutwa kati ya ncha mbili za chuma, kama machela. Viti vya ngozi vyenye springi nyuma, ambavyo babu zetu walivikuta kwenye baiskeli za Raleigh, ni wajukuu wa wazo hilo. Kwa hiyo kiti cha baiskeli iliyoegemezwa kwenye mwembe wako ni cha ukoo wa farasi.

Mifupa miwili ya kukalia

Keti kwenye benchi gumu, weka viganja chini ya makalio, kisha jiyumbishe kidogo. Utahisi vifundo viwili vigumu, kimoja kila upande. Hiyo ndiyo mifupa ya kukalia, ncha za chini kabisa za nyonga. Maumbile yameiweka pale ibebe uzito wako, na imefunikwa kwa nyama na ngozi inayovumilia.

Kati ya mifupa hiyo, kuelekea mbele, kuna msamba. Hapo hupita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu inayokwenda sehemu za siri. Msamba ni kama uti wa mgongo wa farasi: haukuumbwa kubeba kitu. Ganzi inayomshika dereva wa boda saa kumi jioni ndicho kiraka chake kikavu. Wanaume wengi huona haya kuitaja, wakaitikisa kwa kusimama kwenye pedeli, wakaendelea. Ndugu yangu msomaji, ganzi si uchovu. Ni mishipa inayobanwa, na ikibanwa kila siku kwa miaka inaweza kudhurika. Kiti kinachokutia ganzi kila safari hakikufai, hata kama ulikinunua jana.

Sasa utaona kosa la kidole gumba liko wapi. Kiti chenye sponji nene na laini kikikaliwa, mifupa miwili huzama. Sponji iliyosukumwa pembeni haina pa kwenda ila katikati, juu, moja kwa moja kwenye msamba. Dukani, kwa dakika moja, kinaonekana godoro. Ukifika Malaba kutoka Tororo mjini, kimekuwa ngumi. Kiti kigumu kiasi, chenye upana unaokutosha, huumiza siku tatu nne za kwanza kwa sababu nyama juu ya mifupa haijazoea, kisha hunyamaza.

Upana unaokutosha unapimwa nyumbani, bila gharama. Chukua kipande cha boksi la kadibodi, kiweke juu ya ngazi au kiti cha mbao, kikalie ukiwa umevaa nguo nyepesi, uinamie mbele kidogo na kuinua visigino. Kaa dakika moja. Ukiinuka utaona mabonyeo mawili. Yatie alama katikati kwa kalamu na upime umbali wake. Kwa watu wazima wengi hupatikana kati ya sentimita 10 na 14, na wanawake kwa wastani huwa na nafasi kubwa kidogo kuliko wanaume. Usidanganywe na ukubwa wa makalio. Mama mnene anaweza kuwa na mifupa iliyokaribiana kuliko ya kijana mwembamba wa futi sita, na ndiyo maana kumchagulia mtu kiti kwa kumtazama ni kubahatisha.

Nenda dukani na kile kipande cha boksi. Sehemu bapa ya nyuma ya kiti, ile inayobeba kwa kweli, ipite mabonyeo yako kwa angalau sentimita 2 kila upande. Kwa baiskeli yetu ya kuketi wima, ambayo mikono haibebi uzito mwingi, upana ukizidi hapo kidogo ni afadhali kuliko ukipungua. Pua ya kiti, sehemu nyembamba ya mbele, iwe nyembamba vya kutosha ili mapaja yapishane bila kusuguana. Hilo ndilo bega huru la farasi.

*Kwa kifupi:* mifupa miwili ibebwe, msamba uachwe, mapaja yawe huru. Ulaini unafuata baada ya hayo matatu.

Usitupe cha zamani bado

Kabla hujanunua, kaa na kiti chako cha zamani juani ukisome kama mtandikaji anavyousoma mgongo. Kimekatika upande mmoja zaidi? Huenda kilifungwa kikiwa kimepinda, au mguu wako mmoja ni mfupi kidogo, au umezoea kubeba mzigo upande huo. Pua imesuguliwa mpaka regzini ikaisha? Ulikuwa unateleza mbele siku nzima kwa sababu pua iliinama. Kingo za nyuma zimepasuka na katikati bado pazuri? Kiti kilikuwa chembamba kwako, ukawa unakalia mbavu zake za chuma. Springi moja imelala na nyingine imesimama? Tatizo ni la springi, na pengine hukuhitaji kiti kipya kabisa.

Jambo hili nimeliona likiokoa pesa za watu mara nyingi kuliko ushauri mwingine wowote ulio katika sura hii.

Dukani

Utakutana na viti vya aina tatu. Cha kwanza ni cha ngozi iliyovutwa. Ni kigumu kama ubao mwezi wa kwanza, kisha ngozi hujifunza umbo la mwenyewe na kukaa naye miaka mingi. Adui yake ni maji. Mvua za Machi hadi Mei hapa hazibishi hodi, na ngozi iliyolowa ikakaliwa hulegea kama mkoba wa zamani. Mwenye kiti hiki huweka mfuko wa plastiki chini yake na kukifunika mawingu yakianza kujikusanya nyuma ya Mwamba wa Tororo. Puani mwake kuna nati ya kukazia ngozi ikilegea. Ikaze robo mzunguko tu kwa wakati, si zaidi.

Cha pili ni cha sponji na regzini juu ya bati au plastiki, chenye springi mbili nyuma. Ndicho kinachouzwa kwa wingi, na kinafaa ikiwa sponji ni ngumu. Hapa ndipo gumba linaruhusiwa kutoka mfukoni: bonyeza kwa nguvu zako zote. Likigusa bati, mifupa yako nayo itagusa. Geuza kiti, utazame mahali chuma kilipounganishwa. Weldi iliyopasuka au yenye mashimo haitabeba mtu mzima kwenye mashimo ya barabara. Cha tatu ni kile chembamba cha baiskeli za mbio, kilichotengenezwa kwa mtu aliyeinama hadi kifua karibu kiguse usukani. Kwenye baiskeli ya kuketi wima kitakuumiza hata kikiwa cha bei ghali.

Kukifunga

Kiti kizuri kilichofungwa vibaya ni kibaya. Beba spana ya 13 na ya 14, grisi kidogo, na mtu mmoja wa kukushikia baiskeli.

1. Toa lile bomba linaloshika kiti, lipanguse, ulipake grisi. Bila grisi, kutu italigandisha, na siku ukitaka kulipandisha itabidi nyundo. Lirudishe, na uhakikishe kipande cha kutosha kiko ndani ya fremu. Kama lina mstari wa kikomo, mstari usionekane. Kama halina, acha angalau sentimita 7 ndani.

2. Kagua kishikio cha chuma chenye nati mbili kilicho chini ya kiti. Ndani yake kuna meno madogo. Meno yakiisha, kiti kitapiga mbizi kila ukikanyaga shimo, hata ukikaza mpaka spana ikunjike. Badilisha kishikio, si kiti.

3. Weka urefu. Keti, kanyaga pedeli iliyo chini kabisa kwa kisigino. Goti linyooke bila nyonga kuinamia upande. Ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki na mkunjo mdogo. Hapo ndipo.

4. Sawazisha ulalo. Laza ubao mdogo kutoka nyuma ya kiti hadi puani, juu yake laza chupa nyeupe yenye maji nusu. Maji yatakuambia. Kiti cha sponji kilale sawa. Cha ngozi pua iinuke kidogo sana, kwa kuwa katikati yake hulegea ukikikalia.

5. Kaza nati mbili kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Endesha kilomita moja au mbili, rudi, kaza tena.

Umbali wa mbele na nyuma watu wengi huusahau. Kile kishikio kinaweza kukaa mbele ya bomba au nyuma yake, na kukigeuza tu kunasogeza kiti kwa sentimita kadhaa. Mtu mfupi anayejinyoosha kuufikia usukani, kabla ya kuulaumu mgongo wake, ajaribu kukigeuza.

Katika urefu naona nitofautiane kidogo na vitabu vya wenzetu wa Ulaya. Vipimo vyao vimewekewa mtu anayeendesha peke yake. Dereva wa boda ana abiria nyuma, husimama kila mara, na sekunde ile ya kuondoka ndipo baiskeli inapoyumba zaidi. Anahitaji mguu ufike chini haraka. Kwa huyo ningeshusha kiti sentimita 1 au 2 kutoka kipimo cha kisigino. Si zaidi. Wengi hukishusha mpaka magoti yanapanda kifuani, na goti hulipa: maumivu ya mbele ya goti mara nyingi husema kiti kiko chini mno, na ya nyuma ya goti husema kiko juu mno. Viganja na vifundo vya mikono vikiuma, tazama pua. Huenda imeinama na mwili wote unamwagikia kwenye usukani.

Kiti cha mwenzako

Farasi hubeba mmoja. Farasi wa Busia hubeba wawili, na huyo wa pili ndiye anayelipa. Lakini mara nyingi kiti chake hutengenezwa mwisho, kwa kipande cha ubao kilichobaki na sponji ya godoro la zamani.

Mahali ndilo jambo la kwanza. Uzito wa abiria uwe juu ya ekseli ya gurudumu la nyuma, au mbele yake kidogo. Ekseli ni kile chuma cha katikati ambacho gurudumu hukizunguka. Kiti kikirudishwa nyuma mno ili dereva apate nafasi, gurudumu la mbele huwa jepesi, na kwenye kilima usukani huelea. Funga ubao kwenye keria kwa bolti nne, si kwa waya wala mpira. Hakikisha miguu ya keria imeshika ekseli kwa nati nzima. Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi kwa kawaida lina spoku 40, wakati la mbele lina 32, kwa sababu nyuma ndiko kwenye mzigo. Spoku mbili zilizokatika zikiachwa, za jirani zitafuata.

Sponji ya abiria inaweza kuwa nene kuliko yako, maana yeye hakanyagi na safari yake ni fupi. Hapa ninaruhusu ulaini, ila juu ya ubao usiopinda, na kingo za ubao zipigwe randa. Mpe pia pa kushika. Chuma kilichopindwa na kuchomelewa nyuma ya kiti chako kinamwokoa abiria asikushike kiuno, jambo linaloheshimika zaidi na lililo salama zaidi kwenu nyote.

Kisha muulize. "Mama, utakaa upande?" Mwanamke aliyevaa gomesi kutoka sokoni Busia hawezi kutanua miguu, atakaa upande. Mtu akikaa upande miguu yake yote iko kushoto, na baiskeli inavutwa huko. Anahitaji pa kukanyagia penye upana wa nyayo mbili upande huo, na kiti kipana kidogo ili asiwe ukingoni. Mshipi wa gomesi, leso, mkanda wa mkoba: vyote vinaweza kuingia kwenye spoku.

Mguu wa mtoto nao unaweza. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao. Mtoto wa miaka mitano akisinzia nyuma, miguu yake hulegea na kisigino huingia katikati ya spoku zinazozunguka. Jeraha lake hukata ngozi ya kisigino na linaweza kuvunja mfupa, na hupona polepole sana. Kinga yake ni wavu mgumu au bati jembamba lililofungwa pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na vikanyagio vinavyofikiwa na miguu mifupi. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuvitengeneza. Mzazi asimkabidhi mtoto kwa baiskeli isiyo navyo.

*Kwa kifupi:* abiria akae juu ya ekseli, ubao ufungwe kwa bolti, awe na pa kushika na pa kukanyaga, na spoku zizibwe.

Wenye magurudumu matatu

Mpaka wa Busia una farasi mwingine ambaye haandikwi sana. Ni baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ya mtu ambaye miguu yake imepooza, wengi wao kwa polio ya utotoni. Kwa miaka mingi watu hawa walijenga biashara ya kuvusha bidhaa kati ya nchi mbili, maboksi yamepangwa nyuma, mikono ikizungusha pedeli mbele ya kifua. Maofisa wa forodha walikuwa wakiwalegezea kamba, na wafanyabiashara wa pande zote wakawatafuta. Nyumba zilijengwa na watoto wakasomeshwa kwa baiskeli hizo.

Anayeketi juu ya baiskeli hii haketi saa nane tu. Ni kiti chake cha kazini, cha safarini na mara nyingi cha nyumbani. Kanuni za mwanzo zinabaki, mifupa ibebwe na katikati pawe huru, lakini hana miguu ya kusimamia kwenye pedeli apumzishe nyama. Sehemu ya kukalia iwe pana, bapa na isiyolegea katikati kama kitanda cha kamba, maana ikilegea nyonga hupinda na uti wa mgongo hufuata. Egemeo lifike chini ya mabega ili mikono izunguke bila kugonga. Mto uwe wa sponji ngumu chini na laini kidogo juu, na ubadilishwe mara tu unapobaki umebonyea baada ya mtu kuinuka.

Ni lazima kujua aina ya kupooza. Polio huondoa nguvu za misuli na kuacha hisia, kwa hiyo mwenye polio akikandamizwa anasikia, na atajisogeza. Aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali, na siku hizi hao huzidi kutoka kwenye pikipiki, mara nyingi hasikii kitu chini ya jeraha. Ngozi yake inaweza kufa juu ya mfupa bila yeye kujua. Kwake yeye, ajiinue kwa mikono kila baada ya dakika 15 hadi 30, hata akiwa katikati ya foleni ya forodha, na akae hewani mpaka damu irudi. Mfukoni asiwe na funguo wala sarafu upande wa nyuma.

Na jioni, akishafika nyumbani, alazwe ubavu, mtu wa nyumbani alete taa na kioo cha mkononi, wapitishe macho pamoja pale mifupa miwili ilipokaa siku nzima. Ngozi iliyobadilika rangi, iliyo na joto kuliko jirani yake au iliyoanza kuwa ngumu, ibonyezwe kwa kidole kisha iachiliwe. Ikiwa rangi hairudi kawaida baada ya nusu saa ya kupumzika, kesho yake asikalie upande huo, na mto ule upelekwe kwa fundi kabla ya baiskeli kutoka tena.